MALEZI: TAA YA NYUMBA NA MALI YA WATU



Mwezi huu safu yetu ya malezi inavuka bahari. Tunakwenda Pakistan. Nchi hiyo iko katika bara la Asia, jirani na Uhindi, Irani, Afghanistan na China. Ukipanda meli Dar es Salaam ukaelekea kaskazini mashariki, Bahari ya Hindi hii hii yetu itakufikisha kwenye bandari ya Karachi. Wapakistani walijitawala mwaka 1947. Hesabu ya watu ya mwaka 2023 ilionyesha kuwa wamefika zaidi ya milioni 240. Wengi wao ni Waislamu, na wengi wanakaa vijijini. Wanalima ngano, mpunga, miwa na pamba. Wanafuga mbuzi, ng'ombe, na nyati wa maziwa. Ni wakulima kama sisi.

Tutatazama jambo moja tu: jinsi wanavyomlea mtoto wa kike, na jinsi wanavyomlea mtoto wa kiume. Tumbo ni moja, baba ni mmoja, lakini malezi ni mawili. Si kila nyumba iko hivyo. Katika miji ya Karachi na Lahore utakuta wanawake madaktari, wanawake mahakimu, hata wanawake marubani. Tunayoyasema hapa ni desturi za nyumba nyingi, hasa za vijijini.

SIKU YA KUZALIWA

Mtoto wa kiume akizaliwa, nyumba hujaa furaha. Baba hununua peremende na vitamutamu, akawagawia majirani. Bibi wa mtoto, yaani mama wa baba, hukaa mbele ya mlango apokee pongezi. Katika sehemu za Wapashtuni, karibu na mpaka wa Afghanistan, wanaume hupiga bunduki hewani. Mtoto huyo huitwa taa ya nyumba.

Mtoto wa kike akizaliwa, mara nyingi kuna kimya. Wageni huja, lakini huzungumza kwa sauti ya chini. Humwambia mama: Mungu atakupa mwingine. Maana yake ni kwamba huyu aliyekuja siye waliyemngoja. Mwanamke aliyezaa mabinti watatu mfululizo huanza kuogopa. Anajua mama mkwe wake ataanza kusema habari za mke wa pili. Nawe mama unayesoma habari hii, huenda maneno ya namna hiyo si mageni masikioni mwako.

Kuna msemo wanaoutumia juu ya binti: ni mali ya watu wengine. Wanamlea, wanamlisha, halafu atakwenda kwa watu. Basi kuna watu husema kuwa kumsomesha binti ni sawa na kumwagilia mti ulio katika shamba la jirani.

KWA NINI IWE HIVI?

Tusikimbilie kusema kuwa hawa ni watu wabaya. Wana hesabu zao, na hesabu hizo tuzielewe.

Mkulima wa Pakistan hana pensheni. Akizeeka, ni nani atamlisha? Ni mtoto wa kiume. Kijana akioa, hahami. Hukaa katika ua wa baba yake pamoja na mkewe, na mke huyo ndiye atakayewapikia wazee na kuwaosha wakiugua. Binti yeye huondoka. Katika familia nyingi ni aibu kwa wazazi kula au kulala nyumbani kwa binti aliyeolewa. Kwa hiyo hata binti akiwa na uwezo, desturi inafunga mlango asiwasaidie wazazi wake. Halafu watu hao hao husema kuwa binti hana faida kwa wazazi.

Hesabu ya pili ni mali ya harusi. Hapa ndugu zangu wasikilize vizuri, maana kwetu mambo ni tofauti. Kwetu mwenye binti hungoja kupokea mahari, iwe ng'ombe au fedha. Pakistan nako mahari ya Kiislamu ipo, nayo huandikwa katika hati ya ndoa. Lakini mara nyingi huwa ni ndogo, au hubaki kuwa ahadi tu. Mzigo mkubwa uko upande wa pili. Wazazi wa binti ndio wanaompa mali ya kwenda nayo kwa mume. Mali hiyo huitwa jahez. Humo mna kitanda, magodoro, mablanketi, sufuria, cherehani na dhahabu. Siku hizi watu hutaka friji, hata pikipiki ya bwana harusi. Baba maskini mwenye mabinti wanne huanza kukopa tangu mkubwa wao akiwa na miaka kumi.

Mwaka 1976 Serikali ya Pakistan ilitunga sheria kuwa jahez na zawadi zisizidi rupia 5,000. Sheria hiyo haikuzuia kitu. Harusi ni jambo la majirani kutazama, na hakuna baba anayetaka binti yake achekwe na mawifi siku ya kwanza.

SIKU MOJA NYUMBANI

Chukua nyumba ya mkulima katika jimbo la Punjab. Watoto ni wawili. Dada ana miaka kumi na mmoja, kaka ana miaka tisa.

Dada huamka kwanza. Hufagia ua. Huzoa samadi ya nyati, akaifinyanga kwa mikono kama mikate, akaibandika ukutani ikauke iwe kuni. Huteka maji. Katika jangwa la Thar, upande wa Sindh, kazi hiyo ya maji peke yake inaweza kula asubuhi nzima. Kisha humsaidia mama kupika chapati. Chapati za kwanza, za moto, ni za baba na kaka. Kama iko nyama, vipande vizuri ni vyao. Malai ya maziwa ni ya kaka. Mama na dada hula mwisho, tena hula kilichobaki. Mama atakuambia kwa moyo mweupe kuwa mtoto wa kiume anahitaji nguvu. Lakini ukimtazama nani amebeba ndoo tangu alfajiri, utaona ni yule aliyeachiwa mchuzi mtupu.

Kaka akimaliza kula, huacha sahani hapo hapo. Dada ataiosha. Kaka akirudi na shati lenye matope kutoka mchezo wa kriketi, dada atalifua. Kaka akimwambia dada lete maji, dada ataacha daftari lake ayalete. Kaka akimpiga, dada ataambiwa avumilie, kwani yule ni mwanamume. Hakuna aliyekaa chini kumfundisha kijana huyu kuwa bwana. Amejifunza kwa kuona kila siku, mara tatu kwa siku, wakati wa chakula.

Ninyi wakulima wa pamba wa Mwanza na Shinyanga mtaelewa hili. Kule Punjab na Sindh, kuchuma pamba ni kazi ya wanawake na wasichana. Huinama tangu asubuhi katika joto kali. Makokwa makavu huwachana vidole. Dawa ya kuulia wadudu bado iko juu ya majani, na wengi huchuma bila kinga yoyote mikononi. Hulipwa kwa uzito. Lakini pamba ikipelekwa kuuzwa, anayekwenda sokoni ni mwanamume, na fedha huingia katika mfuko wake. Jioni huyo mwanamume atasema mke wangu hafanyi kazi, yuko nyumbani tu.

SHULE

Mwaka 2010 katiba ya Pakistan ilirekebishwa. Ikasemwa kuwa elimu ni bure na ni ya lazima kwa kila mtoto wa miaka 5 mpaka 16, wa kike na wa kiume. Hayo ni maandishi. Hesabu ya watu ya mwaka 2023 ilionyesha hali ilivyo. Kati ya wanaume 100 wenye umri wa miaka 10 na zaidi, 68 walijua kusoma na kuandika. Kati ya wanawake 100, ni 53 tu. Watoto zaidi ya milioni 20 walikuwa hawamo shuleni, na wengi wao ni wasichana.

Ukimwuliza baba kwa nini binti hasomi, mara nyingi hatasema kuwa anachukia elimu. Atasema shule iko mbali. Atasema shule haina ukuta, na watu wanaopita njiani wanawaona wasichana. Atasema haina choo. Atasema mwalimu ni mwanamume. Shule ya msingi ikiwa ndani ya kijiji, binti huenda. Akimaliza, shule ya juu iko maili kadhaa mbele, na hapo ndipo safari yake huishia. Kaka yake hupewa baiskeli aende huko huko. Njia ni ile ile, jua ni lile lile. Lakini kaka akikutana na watu njiani ni kukua. Dada akikutana na watu njiani ni fedheha.

Sasa tazameni jambo hili linavyozunguka. Wazazi wanataka mwalimu mwanamke. Mwalimu mwanamke hutoka wapi? Hutoka kwa msichana aliyesoma mpaka shule ya juu. Kijiji kisichosomesha mabinti leo hakitakuwa na mwalimu wa kike kesho, na mabinti wa kesho watakaa nyumbani kwa sababu hakuna mwalimu wa kike. Wachunguzi waliopita katika vijiji vya Punjab waliliona jambo hili wazi. Palipokuwa na shule ya sekondari ya wasichana, baada ya miaka kadhaa shule nyingine ndogo zilichipua, kwani walimu walikuwa wamepatikana hapo hapo kijijini.

Afya nayo iko hivyo hivyo. Mwaka 1994 Pakistan ilianzisha mpango wa wanawake wahudumu wa afya. Wanawake hawa huenda nyumba kwa nyumba, wakafundisha juu ya uzazi, chanjo na usafi. Mwanamume hawezi kuifanya kazi hiyo, maana haruhusiwi kuingia ndani kwa wake za watu. Sharti mojawapo la kuajiriwa lilikuwa kwamba mwanamke awe mkazi wa mahali hapo, na awe amesoma angalau miaka minane. Fikirini kijiji ambacho hakuna hata msichana mmoja aliyeachwa asome miaka minane. Kijiji hicho kilimkosa mhudumu, na waliokufa kwa uzazi hapo walikuwa wake na mabinti za wale wale waliokataza shule.

Kuna jambo lililosaidia. Mwaka 2004 jimbo la Punjab lilianza kutoa rupia 200 kwa mwezi kwa msichana wa darasa la sita hadi la nane, katika wilaya ambazo watu wengi hawakujua kusoma. Sharti ni kuhudhuria siku 80 kati ya kila siku 100. Fedha hizo ni kidogo. Hata hivyo wasichana waliongezeka shuleni. Wako akina baba waliosema heshima hairuhusu. Fedha ilipokuja, heshima iliruhusu. Mimi siwacheki. Naona tu kwamba desturi inayoitwa mwamba huweza kusogea kwa noti ndogo.

ULINZI WA HESHIMA

Hapa tunafika mahali pazito.

Katika nyumba nyingi heshima ya ukoo wote imewekwa juu ya kichwa cha binti. Mvulana akilewa, akicheza kamari, akiwafuata wasichana barabarani, watu husema ujana una mambo. Msichana akicheka kwa sauti kubwa dirishani, ukoo umeaibika. Kwa hiyo binti hulindwa, na mlinzi wake ni ndugu yake. Utaona msichana wa miaka kumi na saba hawezi kwenda dukani mpaka asindikizwe na mdogo wake wa kiume wa miaka saba. Mtoto huyo wa miaka saba anajifunza nini? Anajifunza kuwa dada yake ni kitu chake cha kulinda, na kwamba yeye ana haki ya kumwadhibu.

Wengine hujifunza somo hilo mpaka mwisho wake. Mwezi Julai mwaka 2016, katika mji wa Multan, msanii mmoja aliyejulikana kwa jina la Qandeel Baloch aliuawa usiku akiwa amelala. Aliyemwua ni kaka yake mwenyewe. Alikiri mbele ya waandishi wa habari kuwa dada yake ameiaibisha familia kwa picha zake. Dada huyo ndiye aliyekuwa akiwatunza wazazi wao kwa fedha zake. Taa ya nyumba ilimwua aliyekuwa akinunua mafuta ya taa.

Sheria ya Pakistan ilikuwa inaruhusu ndugu wa marehemu kumsamehe mwuaji. Tafakari, ndugu msomaji. Kaka ameua dada. Mwenye haki ya kusamehe ni baba wa wote wawili. Binti amekwisha kufa, na kijana ndiye aliyebaki wa kumlisha baba uzeeni. Baba atafanya nini? Mwezi Oktoba mwaka huo huo Bunge lilitunga sheria kuwa anayeua kwa ajili ya heshima afungwe maisha hata kama ndugu wamesamehe. Mwaka 2019 kaka huyo alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Lahore ilimwachia huru, baada ya wazazi kumsamehe.

NA MVULANA JE?

Msidhani kuwa mvulana anakula malai bila kulipa. Analipa baadaye. Anakatazwa kulia tangu akiwa mdogo. Akiwa na miaka kumi na mbili, kama nyumba ni maskini, anapelekwa gereji au kwenye tanuri la matofali. Akikua, jahez ya dada zake iko mabegani mwake. Vijana wengi wa Pakistan wamekwenda kufanya kazi ya ujenzi Dubai na Saudia, wakalala wengi katika chumba kimoja, ili fedha zirudi nyumbani dada aolewe. Mwingine hata kuoa kwake humtegemea dada yake. Iko desturi ya kubadilishana, huitwa watta satta. Ukoo mmoja hutoa binti kwa kijana wa ukoo wa pili, na ukoo wa pili hutoa binti kwa kijana wa ukoo wa kwanza. Mume mmoja akimpiga mkewe, kule kwingine naye hupigwa, hata kama mumewe hana ugomvi naye.

Tazama pia umri wa kuoa na kuolewa. Sheria ya Pakistan ya mwaka 1961 iliweka miaka 16 kwa msichana. Kwa mvulana ikabaki 18. Jimbo la Sindh lilipandisha umri wa msichana ukawa 18 kwa sheria ya mwaka 2013. Mji mkuu Islamabad ulifanya hivyo mwaka 2025. Nasi tusiwacheke. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 iliweka miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana kwa idhini ya mzazi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

BABA MMOJA NA KALAMU YAKE

Pakistan ni nchi ya ajabu kidogo. Wananchi wake walimwona mwanamke, Fatima Jinnah, akigombea urais mwaka 1965. Mwaka 1988 Benazir Bhutto alikuwa Waziri Mkuu, mwanamke wa kwanza kuongoza serikali ya nchi yenye Waislamu wengi kwa kuchaguliwa. Baba yake, aliyekuwa kiongozi pia, alimpeleka kusoma Marekani na Uingereza. Lakini Bhutto walikuwa matajiri wenye mashamba makubwa. Tutafute mfano ulio karibu zaidi na sisi.

Katika bonde la Swat alikuwako mwalimu aitwaye Ziauddin Yousafzai. Dada zake watano hawakwenda shule hata mmoja. Mwaka 1997 alipata binti, akamwita Malala. Ndugu mmoja alileta karatasi yenye majina ya ukoo wao tangu zamani. Majina yote yalikuwa ya wanaume. Ziauddin alichukua kalamu, akachora mstari kutoka kwenye jina lake, akaandika Malala. Mtoto huyo ndiye aliyepigwa risasi tarehe 9 Oktoba 2012 kwa sababu ya kutetea shule za wasichana. Alipona. Mwaka 2014, akiwa na miaka 17, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Wengi wanamjua Malala. Wachache wanamjua mama yake, Toor Pekai. Alipokuwa mdogo alianza shule, akajikuta msichana peke yake. Aliacha. Vitabu vyake aliviuza akanunua peremende. Mwaka 2012 ndipo alipoanza kujifunza kusoma na kuandika, akiwa mama mtu mzima mwenye watoto watatu, kama walivyo wengi mnaosoma gazeti hili.

DOLE GUMBA

Limebaki jambo la urithi. Dini ya Kiislamu inampa binti sehemu katika mali ya baba yake. Ni nusu ya sehemu ya ndugu yake, lakini ni yake. Mila ndiyo inayomnyang'anya. Baba akifa, kaka huja na karatasi. Humwambia dada: sisi tulikupa jahez, na siku ukigombana na mumeo utarudi kwetu. Dada anaogopa kukosa mlango wa kurudia. Hapo huletwa wino. Dada huweka dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, na shamba limekwenda.

Mwaka 2011 Pakistan ilitunga sheria kuwa anayemnyima mwanamke urithi wake kwa hila afungwe miaka mitano mpaka kumi, au atozwe faini ya rupia milioni moja, au vyote viwili. Mwaka 2020 Islamabad, na mwaka 2021 Punjab, zilitunga sheria nyingine inayomruhusu mwanamke kupeleka malalamiko ya mali yake kwa ofisa maalumu, bila kungoja kesi ndefu ya mahakamani. Lakini malalamiko hayo sharti yaandikwe. Na kabla ya hapo, ni lazima mtu amsomee yule dada karatasi ambayo kaka ameishika mkononi, au aisome mwenyewe kabla wino haujagusa kidole.